Wodi ya vitanda 16 igeuzwe ya kutenga wagonjwa wa kifua: oksijeni, klorini na zamu

Sista_wa_Mpakani:

Habari zenu wakubwa na wenzangu. Niko hospitali ya wilaya huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka. Uongozi umetuagiza tuandae wodi moja mapema, ili ugonjwa wa kupumua ukivuma tena kama Covid ya 2020 na 2021 tusianze kutafuta vitanda mgonjwa akiwa tayari mlangoni. Wodi tuliyopewa ina vitanda 16, mlango mkubwa mbele na mlango mdogo wa nyuma uliopigwa misumari. Madirisha yapo pande zote mbili.

Vifaa: mashine tatu za kuzalisha oksijeni, kila moja lita 10 kwa dakika. Silinda sita kubwa aina ya J. Oksimita mbili za kidole, za kupimia asilimia ya oksijeni kwenye damu. Jenereta ipo, mafuta ni bahati. Klorini ya unga, HTH ya asilimia 70, ipo ndoo nzima, na Jik, klorini ya maji ya chupa, hununuliwa mjini stoo ikikauka. Mchana tuko wauguzi wanne, usiku wawili.

Ninachouliza: oksijeni hiyo itabeba wagonjwa wangapi hasa? Klorini tuchanganye vipi, maana kila mtu hapa ana kipimo chake cha kifuniko? Mavazi ya kinga tuyavulie wapi? Na ndugu wa wagonjwa, wale wanaopika na kufua, tuwafanyeje? Inchaji wangu anauliza pia kama wodi hiyohiyo inaweza kupokea mshukiwa wa Ebola, kwa sababu nafasi nyingine hatuna. Nipeni vipimo jamani, nasaha za semina tumeshashiba.

Mama_Wodi:

Dada, naanza na hao ndugu wa wagonjwa, kwa sababu hapo ndipo wodi za kutenga huangukia hapa Uganda kabla hata oksijeni haijaisha. Katika wodi ya kawaida muuguzi anatoa dawa, anapima, anaandika. Uji, maji ya kunywa, kuogesha, kubadilisha shuka, kumwaga beseni, kumgeuza mgonjwa, kumkimbilia sista usiku: yote hayo anafanya ndugu. Ukifunga mlango umeondoa wafanyakazi kumi na sita na hujaajiri hata mmoja. Halafu watu wanashangaa kwa nini mgonjwa wa barakoa ya oksijeni hajanywa maji tangu alfajiri.

Kwa hiyo kabla ya kusogeza kitanda, andikeni kila kazi ambayo ndugu hufanya, na mbele yake nani ataifanya. Mtagundua mnahitaji wasafishaji wawili kila zamu waliofunzwa kuvaa na kuvua, na mtu wa chakula ambaye anaishia kwenye meza ya mlangoni. Vyombo vya nyumbani visiingie. Chakula kimiminwe kwenye sahani ya wodi pale mezani, sufuria irudi na mwenyewe.

Wanne wa mchana wagawe hivi: wawili ndani, mmoja mlangoni upande safi, mmoja anapumzika na kunywa maji, kisha wanapokezana. Aliye ndani asiwe peke yake. Kwa ugonjwa wa kupumua, gauni, glavu, miwani na N95 (barakoa inayochuja hewa) mtu anaweza kukaa navyo muda wa saa tatu hadi nne akiwa amekula na amekwenda choo kabla ya kuingia. Ovaroli nzito ya Ebola ni habari nyingine, kwa joto la huku saa moja tu mtu ameanza kukosea.

Wawili wa usiku hawatoshi. Mmoja akiwa ndani, yule mwingine hawezi kuwa mlinzi wa mlango, msimamizi wa kuvua na mbeba silinda kwa wakati mmoja. Watatu ndio chini kabisa. Liandikeni kwenye barua ya uongozi kabla wodi haijafunguliwa, kwa sababu ikishafunguliwa hiyo barua hakuna atakayeisoma.

Mtu wa mlangoni ndiye mwenye simu, daftari la kuingia na kutoka, na saa ya ukutani. Karatasi za ndani hazitoki. Aliye ndani anaandika kwa kalamu nene, anaibandika karatasi kwenye kioo cha dirisha, wa nje anapiga picha au ananakili. Bila utaratibu huo utaona faili la mgonjwa limelala kwenye meza ya chai.

Vitanda 16 sahauni. Kati ya kitanda na kitanda ibaki mita moja kwa uchache, mbili ni bora, kwa hiyo mtabaki na 12 hivi. Mgonjwa wa oksijeni nyingi awekwe panapoonekana kutoka meza ya sista. Anayeelekea kupona aende mwisho. Madirisha ya pande zote mbili yafunguliwe mchana na usiku ili hewa ikate wodi, na feni ikiwepo ielekezwe itoe hewa nje ya dirisha, isipulize kutoka kwa mgonjwa kuja kwa muuguzi. Mbu watakuja, ndiyo. Wekeni neti za kitanda, msifunge madirisha.

Na hiyo misumari ya mlango wa nyuma ing'oeni leo. Mnaingia mbele, mnatoka nyuma.

Fundi_Hewa:

Sista, hesabu ya oksijeni ni rahisi ukiigawa vizuri. Silinda ya J ikijaa ina lita 6,800. Gawanya kwa lita za dakika: kwa lita 5 inakwenda dakika 1,360, yaani saa 22 na dakika 40. Kwa lita 10, saa 11 na kidogo. Kwa lita 15, saa saba na nusu. Mshale wa geji ukiwa nusu, gesi nayo ni nusu, kwa hiyo hesabu ileile unaifanya wakati wowote.

Sasa chukua wodi yako siku mbaya. Wagonjwa wanane wa neli ya pua kwa lita 5, jumla 40. Wawili wa barakoa yenye mfuko kwa lita 15, jumla 30. Unahitaji lita 70 kwa dakika. Mashine zako tatu zinatoa 30 zote zikiwa nzima, zinabaki 40 za silinda. Silinda moja kwa lita 40 inaisha baada ya dakika 170. Sita zote zinaisha baada ya saa 17. Kwa siku nzima ungehitaji tisa. Umeme ukikatika na jenereta haina mafuta, lita zote 70 zinahamia kwenye silinda na sita zako zinakufa kabla ya saa kumi kwisha. Hiyo ndiyo namba ya kumpelekea mkuu wa hospitali, na sababu ya kuweka alama ukutani: zikibaki silinda mbili zilizojaa, simu ya kuagiza inapigwa, asubuhi isisubiriwe.

Mashine haiwezi kulisha barakoa yenye mfuko kwa lita 15, inaishia 10. Kwa hiyo silinda ni za wagonjwa wa barakoa, mashine ni za neli ya pua. Wodi nyingi hufanya kinyume: silinda zinamalizwa na watu wanaohitaji lita 3, kwa sababu tu ziko karibu na vitanda vyao.

Neli ya pua: lita 1 hadi 5 kwa mtu mzima. Mtoto mchanga wa miezi, 1 hadi 2. Barakoa ya kawaida 6 hadi 10, isishuke chini ya 5 kwa sababu mgonjwa atavuta tena hewa aliyoitoa. Barakoa yenye mfuko 10 hadi 15, na mfuko uwe umejaa kabla hujamvisha. Mfuko ukinywea kila anapovuta, lita hazitoshi au kuna mahali panavuja.

Kupunguza lita ndiyo dawa ya upungufu. Mgonjwa aliyetulia ambaye oksimita inasoma asilimia 97 kwa lita 5 anaharibu gesi, mshushe lita moja moja, subiri dakika kama kumi, pima. Lengo ni zaidi ya 90 kwa aliyetulia, 94 kwenda juu akiwa na dalili za hatari, na mjamzito 92 hadi 95. Wale wanane wakishuka kutoka lita 5 hadi 3, wote wanaingia kwenye mashine, na silinda zinabaki na barakoa mbili tu. Umeokoa silinda mbili kwa siku kwa kuzungusha kitasa.

Mashine zenyewe zinataka sentimita 30 na zaidi kutoka ukutani na kwenye pazia, la sivyo zinapata joto na kujizima. Chujio la vumbi lioshwe kwa sabuni kila wiki, na kiangazi cha Desemba hadi Februari huku kwetu hata mara mbili, likauke kabisa ndipo lirudi. Umeme unaopanda na kushuka huua mashine kuliko kitu kingine, kwa hiyo kila moja na stabilaiza yake. Na mtu asinyunyizie klorini kwenye mashine. Ifutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kilichokamuliwa.

Kama mnataka mashine moja ilishe wawili, tumieni kigawanyo chenye flomita (kipimo cha lita kwa dakika) kwa kila mgonjwa. Kuunga bomba la Y na kuliacha hivyo ni kudanganyana: gesi inakwenda palipo rahisi, mmoja anapata yote na mwingine anavaa plastiki.

Sista_wa_Mpakani:

Asante sana fundi. Mbili za haraka. Chupa za maji za kulainisha oksijeni tuzitumie au la? Na moja ya mashine zetu mpira wa flomita unaelea vizuri kwenye 8 lakini asilimia ya mgonjwa haipandi, tatizo liko wapi?

Fundi_Hewa:

Chupa: kwa neli ya pua kwa lita 4 kushuka chini, achana nayo, pua inalainisha yenyewe. Kwa lita za juu itumike kwa maji yaliyochemshwa yakapoa au ya distili, yabadilishwe kila siku, na chupa ioshwe na kukaushwa. Maji ya bomba yanayoongezwa juu ya mengine wiki nzima ni kilimo cha bakteria.

Mashine: anza na kifuniko cha hiyo chupa. Kikifungwa upande, gesi inatokea hapo na mgonjwa hapati kitu huku mpira unaelea kama kawaida. Toa neli kwa mgonjwa, tumbukiza ncha kwenye kikombe cha maji safi. Mapovu yakiwa dhaifu, finya neli karibu na mashine, kisha endelea kusogea sehemu kwa sehemu mpaka upate panapovuja. Mapovu yakiwa mazuri na mgonjwa bado hapandi, basi ama gesi yenyewe ni hafifu au mgonjwa amezidiwa. Mashine nzima hutoa asilimia 90 na zaidi. Taa ya njano au nyekundu ya ukolezi ikiwaka, itoe kwenye wodi hata kama inanguruma vizuri. Mlio wa mashine si kipimo.

Kinga_na_Usafi:

Kifuniko si kipimo, tupeni vifuniko vyote. Tumieni mzani wa famasi mara moja, pimeni unga, uwekeni kwenye kikombe kimoja na kuchora mstari kwa kalamu isiyofutika. HTH ya asilimia 70 kwa jeriken ya lita 20:

Gramu 143 hutoa asilimia 0.5, ya damu, matapishi, kinyesi na vyombo vilivyochafuka. Gramu 29 hutoa 0.1, ya sakafu, meza na vitasa katika ugonjwa wa kupumua. Gramu 14 hutoa 0.05, ya kulowekea nguo, dakika 30 baada ya kufuliwa kwa sabuni.

Jik ya asilimia 3.5 inakwenda sehemu moja kwa sehemu sita za maji kupata 0.5. Yaani kwenye jeriken ya 20, lita 2.9 za Jik, zilizobaki maji. Kupata 0.1 ni mililita 570 kwa jeriken. Soma chupa kwanza, si kila chapa ni 3.5, na iliyokaa dukani juani imeshapoteza nguvu. Kanuni ya chupa yoyote: asilimia ya chupa gawanya kwa unayotaka, toa moja, hizo ndizo sehemu za maji.

Unga wa HTH huacha mashapo. Koroga, acha nusu saa, tumia maji ya juu yaliyotakata, la sivyo bomba zitaziba. Changanya kila asubuhi, andika saa na asilimia kwenye jeriken, na asubuhi ya kesho yake iliyobaki imwagwe. Jeriken ya njano inapitisha mwanga, iweke kivulini. Changanyeni nje penye hewa, na msichanganye klorini na dawa nyingine yoyote ya choo. Hata ikimwagwa juu ya mkojo mwingi inatoa moshi mkali, kwa hiyo mkojo ufyonzwe kwa kitambaa kwanza.

Kosa ninaloliona likirudiwa kuliko yote: klorini kumwagwa juu ya uchafu. Damu na matapishi huimaliza nguvu. Funika kwa kitambaa, ondoa, osha kwa sabuni na maji, ndipo 0.5 ikae dakika 10. Na kumnyunyizia mtu klorini, awe muuguzi au mgonjwa, hakumsafishi. Kunamwasha macho na kifua na kurusha vidudu hewani.

Mikono ni sabuni na maji, sekunde 40 hadi 60, au spiriti ya mikono, 20 hadi 30. Spiriti ikikosekana famasi inaweza kuitengeneza kwa fomula ya WHO ya lita 10: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka lita 10. Ikae saa 72 kabla ya kugawiwa, ili peroksaidi imalize mbegu za bakteria zilizokuja na vyombo.

Kuvua. Kuvaa hakuui watu, kuvua ndiko. Chumba cha nyuma kiwe na mstari mwekundu sakafuni, kioo kirefu, ndoo mbili za taka zenye kanyagio, kiti na msimamizi aliye upande safi anayesoma hatua kwa sauti. Kwa gauni la ugonjwa wa kupumua: glavu na gauni vinatoka pamoja, unalivuta gauni kutoka mbele, unalikunja ndani nje mbali na mwili. Safisha mikono. Miwani kwa kamba ya nyuma ya kichwa. Mikono tena. Sasa toka wodini, ukiwa nje ndipo uvue N95: kamba ya chini kwanza, ya juu baadaye, usiguse mbele. Mikono tena. N95 inavuliwa mwisho kabisa na nje, na anayeivua ndani kwa sababu inamkaba amejifuta mwenyewe zamu nzima.

N95 zikiwa chache, isivaliwe zaidi ya mara tano. Ihifadhiwe kwenye mfuko wa karatasi wenye jina, plastiki inafuga unyevu. Iliyolowa, iliyotobolewa au yenye kamba zilizolegea itupwe hata kama ni mara ya pili. Kila ukiivaa, funika kwa viganja, toa pumzi: ukihisi hewa machoni, bana chuma cha pua upya. Ndevu na N95 havikai nyumba moja, wakaka mnisamehe.

Sasa Ebola. Jibu ni hapana, na inchaji aambiwe hivyo kwa maandishi. Mshukiwa wa Ebola hawekwi kwenye wodi ya pamoja, kwa sababu kati ya washukiwa kumi huenda tisa wana malaria, na huyo wa kumi atawaambukiza. Anahitaji chumba chake, choo chake na mlango wake, hata kikiwa hema la turubai nyuma ya maabara. Milipuko ya Ebola ya aina ya Sudan hapa kwetu, Gulu 2000, Kibaale 2012, Mubende 2022 na Kampala 2025, haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Ile ya Ervebo ni ya aina ya Zaire. Mwaka 2022 wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na 7 wakafariki. Mwaka 2025 mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa muuguzi.

Mwekeni chumbani, mtu mmoja amhudumie, malaria ipimwe palepale, sampuli ichukuliwe na aliyefunzwa tu na ifungwe tabaka tatu kwenda UVRI, maabara ya taifa ya virusi, Entebbe. Kipimo kikisema hana na dalili zina chini ya saa 72, haachiwi. Kinarudiwa saa 72 zikitimia. Waliomgusa wanafuatiliwa siku 21, joto mara mbili kwa siku, na hao ni pamoja na askari wa geti na boda aliyemleta.

Zamu_ya_Usiku:

Wenzangu wameongea vifaa, mimi niongeze mgonjwa mwenyewe. Oksimita mbili kwa watu 12 zinatosha mkizipangia ratiba: wa barakoa kila saa moja, wa neli kila saa nne, wa kupona mara mbili kwa zamu. Ifutwe kwa spiriti kati ya mtu na mtu. Rangi ya kucha na hina nzito, na huku kwetu akina mama wengi wana hina, huvuruga usomaji. Jaribu kidole cha mguu, au ipachike ubavuni mwa kidole badala ya juu ya kucha. Mkono wa baridi usugue kwanza. Mapigo yanayosomwa na mashine yalingane na unayoyahesabu kwenye kifundo cha mkono, yasipolingana hiyo asilimia usiiandike. Na juu ya ngozi nyeusi oksimita hupenda kusema zaidi ya ukweli, kwa hiyo 91 ya mgonjwa anayehema mara 32 kwa dakika siihesabu kuwa nzuri.

Hesabuni pumzi dakika nzima, msihesabu sekunde 15 na kuzidisha. Covid ilikuwa na wale wanaozungumza na simu wakiwa na asilimia 78. Mkiangalia uso tu mtawapita.

Kulala kifudifudi hakuhitaji umeme wala NMS, ile bohari ya dawa ya taifa. Kwa aliye macho na anayeweza kujigeuza: kifudifudi, ubavu wa kulia, kuketi, ubavu wa kushoto, kila mkao saa moja hadi mbili. Pima baada ya dakika 15 ya kila mkao, akishuka mrudishe. Mto mmoja chini ya kifua, mmoja chini ya nyonga, tumbo lipumue. Asile kabla ya kulala hivyo, na asiyejitambua au anayetapika usimjaribu. Neli iangaliwe kila akigeuka, ndipo inapochomoka.

Kwa Covid, deksamethasoni ni miligramu 6 mara moja kwa siku, isizidi siku 10, kwa anayehitaji oksijeni tu. Ampuli ya miligramu 4 kwa mililita maana yake mililita moja na nusu. Pimeni sukari kabla na kila siku, hata kwa asiyejulikana kuwa na kisukari, maana dawa hii huifichua. Mgonjwa anayekojoa mara kwa mara siku ya tatu msidhani ni dripu.

Mzee_wa_Gulu:

Mama Wodi nakuheshimu, ila kwenye ndugu wa mgonjwa umefunga mlango mno. Kwa ugonjwa wa kupumua, mtoto wa chini ya miaka mitano aingie na mama yake, na mama akae humohumo akiwa na barakoa, asitoke kwenda sokoni na kurudi. Mtoto anayelia peke yake anatumia oksijeni zaidi na neli anaivua. Kwa mtu mzima aliyechanganyikiwa, ndugu mmoja, yuleyule kila siku, awe kijana mwenye afya, afunzwe kuvaa, ajiandikishe kwa mtu wa mlangoni. Ndugu aliyezuiwa kabisa huingia kwa dirisha usiku, na huyo hana barakoa.

Mwili wa marehemu nao ujadiliwe kabla. Watu wasipoambiwa mapema nani ataosha, nani ataswalia au kuombea, na kwa umbali gani, siku ya msiba hospitali inavamiwa. Kwa Covid ndugu waliruhusiwa kuona. Kwa Ebola mazishi ni ya timu, na familia isimame iangalie kaburi linafukiwa. Mlipuko wa Gulu wa mwaka 2000, kati ya watu 425 walioambukizwa wengi waliupatia kwenye kuuguza na matanga.

Na wauguzi wenyewe wapimwe joto mwanzo wa kila zamu, wakiwa na daftari lao. Mwenye homa aruhusiwe kubaki nyumbani na mshahara wake, la sivyo atameza panado na kuingia kazini.

Mama_Wodi:

Mzee, kwa watoto nakubali, nilikuwa nafikiria wodi ya watu wazima. Kwa mtu mzima aliyechanganyikiwa sikubali mpaka N95 za wauguzi ziwe za kutosha kwanza. Siwezi kumvisha ndugu N95 huku msafishaji anaingia na barakoa ya upasuaji.

Sista_wa_Mpakani:

Asanteni sana wakubwa. Mlango wa nyuma tayari umefunguliwa, na mzani nimeuomba famasi. La mwisho kwa fundi: kubadilisha silinda usiku tunaogopa, ile sauti inashtua, na mara nyingi reguleta, ile ya kupunguza msukumo wa gesi, inavuja baada ya kufungwa.

Fundi_Hewa:

Sauti ni kawaida. Silinda isimame imefungwa mnyororo ukutani. Toa kofia, simama ubavuni, fungua vali robo mzunguko kwa sekunde moja itoe vumbi, funga. Hiyo ndiyo sauti mnayoiogopa, na mkiiruka vumbi linaingia kwenye reguleta na kuanza kuvuja. Angalia washa ya reguleta (kile kipete cha kuziba) kama ipo na haijapasuka, funga nati kwa mkono kwanza kisha spana, kaza kiasi. Flomita iwe sifuri. Fungua vali polepole mpaka geji isimame, paka maji ya sabuni kwenye kiungo. Mapovu yakitokea, funga vali, legeza, badilisha washa. Msikaze zaidi na gesi ikiwa wazi. Mafuta, grisi au losheni mikononi ni marufuku karibu na oksijeni, vinawaka. Tundikeni washa za akiba tano kwenye mfuko pembeni ya silinda, na spana ifungwe kwa mnyororo kwenye silinda yenyewe. Ikiachwa mezani, saa nane za usiku haionekani.